Jumba la Maajabu: Chuma, Chumvi na Ua wa Sultani

Mtu wa Kapkatet anayetaka kuona jumba la kifalme kwa macho yake hana budi kusafiri mbali. Wakipsigis hawakuwa na mfalme. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wazee wa kokwet, wakiketi chini ya mti, na neno lao lilishika bila kuhitaji ukuta, ngazi wala lango. Majengo makubwa ya zamani yanayoonekana katika nchi hii ya milima, kutoka Kericho kuelekea Litein, Kapkatet na Sotik, yaliletwa na majani chai: viwanda, nyumba za mameneja zilizozungukwa na nyasi zilizofyekwa vizuri, na Tea Hotel ya mjini Kericho, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950.

Hata hivyo liko jumba moja la Sultani ambalo kivuli chake kilifika hadi huku juu. Liko Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukingoni mwa bahari, na jina lake ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Mwaka 1895 Waingereza walikubali kumlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kila mwaka ili watawale ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, Mombasa ikiwemo. Mwaka uliofuata reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa, kwenye ardhi ambayo kisheria ilikuwa bado ya Sultani, na kufikia 1901 ilikuwa imegusa Ziwa Victoria. Ilipita Lumbwa, stesheni ambayo leo inaitwa Kipkelion, na kwa miaka mingi chai ya Kericho iliteremka kwenda bandarini kwa njia hiyo. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Kwa hiyo jumba hilo si habari ya watu wa visiwani peke yao.

Aliyelijenga ni Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya kukalia kiti alikuwa amejaribu kumpindua ndugu yake Majid, akashindwa, na mwaka 1859 akapelekwa uhamishoni Bombay. Alikaa huko kama miaka miwili, akauona mji wenye mabomba ya maji, barabara pana na majengo yenye roshani ndefu. Mwaka 1875, akiwa tayari Sultani, alizuru Uingereza. Aliyoyaona hakuyaacha huko. Alivuta maji safi ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, akajenga hamamu ya watu wote katika mtaa ambao mpaka leo unaitwa Hamamni, akajenga majumba ya mapumziko nje ya mji, likiwemo lile la Marhubi. Kisha mwaka 1883 likaja jumba kubwa kuliko yote, la sherehe na mapokezi.

Mahali alipolisimamisha palikuwa na historia yake. Hapo, katika karne ya 17, ndipo lilipokuwa jumba la Malkia Fatuma wa Unguja, aliyekuwa na urafiki na Wareno na ambaye Waomani walimhamishia Maskati walipoutwaa mji. Hatua chache kutoka hapo, mwanzoni mwa karne ya 18, Waomani hao walimaliza kujenga Ngome Kongwe. Barghash alijenga juu ya msingi wa utawala wa zamani, mbele ya macho ya kila nahodha aliyeingia bandarini. Ni vigumu kuamini kwamba hilo lilitokea kwa bahati.

Ili kuelewa kwa nini watu waliliita jumba hilo la maajabu, ni lazima kwanza kuelewa jinsi nyumba za pwani zilivyojengwa. Kuanzia Lamu hadi Kilwa fundi alikuwa na vitu vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Kuta zilikuwa nene na hivyo zilizuia joto. Dari ililazwa juu ya boriti. Lakini boriti ya mkoko haifiki mbali. Ikizidi mita 3 au karibu na hapo inaanza kulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za Waswahili ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri. Mti wa mkokoni ndio uliokuwa ukiamua upana wa sebule.

Barghash aliuvunja mpaka huo kwa chuma. Jumba lake lilizungukwa na safu za nguzo ndefu za chuma cha kusubu, kilicholetwa kwa meli, zikibeba roshani pana za ghorofa moja juu ya nyingine kila upande. Ndani, mihimili ya chuma iliruhusu kumbi kubwa ambazo fundi wa boriti asingethubutu kuzijaribu. Katikati palikuwa na ua mkubwa uliofunikwa juu, na roshani za ndani ziliuzunguka hadi ghorofa ya mwisho, kwa hiyo mgeni aliyesimama chini aliweza kuinua macho na kuliona jumba zima kwa mara moja. Sakafu zilipambwa kwa marumaru kutoka ng'ambo. Hilo ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti.

Roshani hazikuwa za pambo tu. Pwani jua hupiga ukuta mchana kutwa, na ukuta uliopata joto huutoa usiku watu wakiwa wamelala. Roshani pana hukinga ukuta usiguswe na jua wala mvua, na hewa ya bahari, iwe ni msimu wa kaskazi au wa kusi, hupita kivulini kabla ya kuingia vyumbani. Kila aliyewahi kusimama hapo mchana wa mwezi wa pili anaelewa hesabu ile.

Pamoja na ugeni wote huo wa chuma, Barghash hakuiacha milango ya nyumbani. Milango ya jumba ilikuwa ya mbao za nakshi, mikubwa kuliko mingi inayojulikana katika ukanda huu, na mingine ilichorwa aya za Kurani zilizotiwa rangi ya dhahabu. Waongoza wageni hupenda kusimulia kwamba lango kuu lilifanywa pana ili Sultani aweze kupita akiwa juu ya tembo. Masimulizi hayo ni ya mdomo, lakini yanaonyesha vizuri ukubwa ambao watu waliuona waliposimama mbele yake. Nje ya mlango iliwekwa mizinga miwili ya Kireno ya karne ya 16, kumbukumbu ya jinsi silaha zilivyobadilisha mikono katika bahari hii: kutoka kwa Wareno hadi kwa Waajemi, na kutoka huko hadi kwa Waomani.

Lakini jumba la kifalme haliwi nyumba moja. Mtu aliyefika kwa jahazi miaka ya 1880 aliona majumba matatu kwenye mstari mmoja wa pwani. Kusini kulikuwa na Beit al-Ajaib. Katikati kulikuwa na Beit al-Hukm, na kaskazini Beit al-Sahel, ambalo lilianzishwa na Seyyid Said bin Sultan, baba yake Barghash, mnamo miaka ya 1820 na 1830. Majumba hayo yaliunganishwa kwa njia zilizoezekwa, zilizopita juu hewani, ili wanawake wa nyumba ya kifalme waweze kutoka jengo moja hadi jingine bila kuonekana na watu wa chini. Mbele, karibu na maji, ulisimama mnara wa taa wenye saa. Na ndani ya ua wa majumba kulikuwa na bustani na makaburi. Humo alizikwa Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, na Barghash mwenyewe.

Hapo ndipo penye funzo kubwa kuhusu mpangilio wa utawala ule. Beit al-Ajaib lilijengwa ili lionekane, roshani zake zikiwa wazi pande zote. Majumba ya jirani yalijengwa ili yafiche: kuta, madirisha madogo, madaraja ya juu. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliishi katika upande huo uliofichwa kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, ni miongoni mwa maandishi machache ya wakati ule yanayoelezea maisha ya ndani ya kuta hizo kwa macho ya mwanamke aliyekulia humo.

Swali la nani alilipia fahari hiyo halikwepeki. Uchumi wa Unguja na Pemba ulisimama juu ya karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka uliofuata Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la mjini. Lakini mkataba haukuufuta utumwa wenyewe. Watumwa waliendelea kuchuma karafuu mashambani, na kisheria hali hiyo iliendelea hadi 1897. Jumba lilipofunguliwa mwaka 1883, mapato yaliyonunua chuma na marumaru yalikuwa bado na jasho lao ndani yake.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid, mwana wa Barghash, aliingia jumbani na kujitangaza mrithi bila idhini ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Muhammed. Walimpa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameshusha bendera. Saa ilipogonga, na dakika chache kupita, manowari zilizotia nanga mbele ya majumba zilianza kupiga mizinga. Vita vilidumu kama dakika 40, na mara nyingi hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia.

Kwa majengo, dakika hizo zilikuwa nyingi. Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa na halikujengwa tena. Beit al-Sahel liliumizwa vibaya. Mnara wa taa ulibomolewa. Glasgow, meli ya Sultani, ilizama bandarini na milingoti yake ikabaki ikichomoza majini kwa miaka mingi. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Beit al-Ajaib lilipata madhara madogo tu, na mwaka 1897 likapewa mnara mpya wa saa, ulioshikamana na uso wake. Sura hiyo yenye mnara katikati ndiyo iliyoingia kwenye kadi za posta na picha za watalii.

Inafaa kuyaweka mambo hayo kando ya yaliyotokea katika nchi ya chai miaka 38 baadaye. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliamua kuvunja nguvu za ukoo wa Talai, ambamo walitoka orgoiik, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Hapakuwa na jumba la kupiga mizinga. Nguvu yao haikuwa na anwani. Ilikaa ndani ya watu. Kwa hiyo watu wenyewe ndio waliobebwa, wanaume, wanawake na watoto, wakapelekwa Gwassi, kandokando ya Ziwa Victoria, na wengi hawakurudi mpaka ukoloni ulipokaribia kumalizika. Zanzibar mkoloni aliivunja nyumba na kumweka mtu mwingine kitini. Huku milimani aliung'oa ukoo mzima. Mwanafunzi wa historia anayesoma habari za Beit al-Ajaib akiwa Kapkatet ana haki ya kujua kwamba uharibifu wa aina ya pili hauachi kifusi cha kupigwa picha, na bado ni uharibifu.

Baada ya vita Beit al-Ajaib likawa makazi ya Sultani kwa muda. Kuanzia 1911 likageuzwa ofisi za serikali ya Waingereza, na Sultani Khalifa bin Harub akahamia Beit al-Sahel lililokuwa limejengwa upya. Khalifa alitawala miaka 49, hadi 1960. Viwanja vya mbele navyo vilibadilika. Palipokuwa na maghala ya forodha palifanywa bustani mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wake, na mpaka leo watu wanapaita Forodhani. Ni moja ya mabadiliko mazuri kuliko yote katika historia ya mahali hapa: ufuo wa kifalme ukawa mahali pa kila mtu. Mwaka 2009 bustani ilifunguliwa tena baada ya matengenezo yaliyosimamiwa na taasisi ya Aga Khan. Jioni, meza za mishkaki, pweza, urojo na juisi ya miwa hupangwa pale ambapo zamani mgeni asiye na ruhusa asingesogea.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimwondoa Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, aliyetoroka kwa meli. Beit al-Sahel likapewa jina la Jumba la Wananchi, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Makumbusho hayo yanastahili muda kuliko yanavyopewa na wageni wengi. Ghorofa kwa ghorofa mtu anaona vyombo vya enzi za Seyyid Said, chumba kilichotengwa kwa ajili ya Sayyida Salme, na juu kabisa vyumba vya Khalifa na wake zake, ambako samani za mbao za Kihindi zinakaa karibu na kabati za fomika za miaka ya 1950. Kabati hizo zinasema jambo ambalo kiti cha enzi hakisemi: kwamba familia ya kifalme nayo ilinunua vitu vipya vya dukani kama familia nyingine za mjini.

Beit al-Ajaib nalo lilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, kisha likawa Makumbusho ya Historia na Utamaduni. Katikati ya ua wake uliofunikwa uliwekwa mtepe, chombo cha kale cha Waswahili kilichoungwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Mtepe huo, Shungwaya, uliundwa na mafundi wa siku hizi kwa kipimo kamili. Ulikaa vizuri mno mahali pale: chombo kisicho na chuma ndani ya nyumba iliyosimama kwa chuma.

Na chuma ndicho kilichoanza kusaliti. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na mawe ya matumbawe, ambayo yenyewe yalitoka baharini, hunywa maji upesi na kuyashika. Mahali ambapo mhimili wa chuma umezikwa ndani ya ukuta wa namna hiyo, unyevu na chumvi hukutana nao gizani. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma mawe kwa ndani, hufungua nyufa, na nyufa huingiza maji zaidi. Ukuta wa chokaa na boriti hufa pia usipotunzwa, lakini fundi huiona boriti iliyooza na kuibadilisha. Mhimili uliofichwa hauonekani mpaka siku unaposhindwa. Barghash alipata ukumbi mpana, na pamoja nao akapata jengo linalodai macho ya fundi mwaka hadi mwaka.

Macho hayo hayakutosha. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ya jumba iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Baadaye paa likaanguka sehemu nyingine. Kazi ya ukarabati ilianza kwa fedha kutoka Oman, na ilikuwa ikiendelea tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu kubwa ya upande wa mbele ilipodondoka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili walipoteza maisha. Katika habari nyingi zilizofuata, mnara ulililiwa kwa aya ndefu na watu hao wawili wakatajwa kwa sentensi moja. Mpangilio huo ungepaswa kugeuzwa.

Serikali ya Zanzibar ilitangaza nia ya kulijenga upya, na kazi ya namna hiyo ina maswali magumu kuliko fedha. Je, mihimili iliyooza irudishwe kwa chuma kama kile cha mwanzo, ili jumba libaki lile lile, au kwa chuma kisichoshika kutu, ili lidumu? Je, saruji itumike? Mafundi wa chokaa wa Mji Mkongwe wanajua tatizo la saruji: ni ngumu kuliko tumbawe, haipumui, na hufungia unyevu ndani ya ukuta ambao chokaa ingeuachia utoke. Nyumba nyingi za mji huo zimeharibika kwa sababu zilipakwa lipu ya saruji kwa nia njema. Waliobaki na ujuzi wa kuchoma na kukanda chokaa si wengi, na ujenzi mkubwa kama huu ungeweza kuwa shule ya kuwapata vijana wa kurithi kazi hiyo.

Kuna jambo jingine, nalo halihusu chuma wala chokaa. Makumbusho yatakaporudi ndani ya Beit al-Ajaib, yatakuwa na nafasi ya kusimulia habari za watu ambao hawakupita kwenye lango kuu: wachumaji wa karafuu waliokuwa watumwa, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka bara, wachongaji wa milango, wachoma chokaa, wanawake waliotembea juu ya madaraja yaliyoezekwa, na mafundi wawili wa mwaka 2020. Chumba kimoja cha chini, jirani na mizinga ya Kireno, kingewatosha kwa kuanzia, na wakati wa kukitenga ni kabla ukarabati haujakamilika.